Kifuniko cha Sufuria Nyingine

Tangu litangazwe katazo la kutoka nje kwa sababu ya ugonjwa, nyumba ya mawifi wawili ilikuwa safi kupita kiasi. Hapakuwa na pa kwenda wala mgeni wa kungoja. Sokoni watu waliruhusiwa wachache kwa zamu, nyumba za ibada zilifungwa, na redio kila ikifunguliwa ilisoma hesabu ya waliougua na waliokufa. Mtu afanye nini? Wakasafisha. Bi Taratibu alisugua sakafu asubuhi, na mchana wifi yake akaisugua tena, huku akiguna kama aliyekuta banda la kuku.

Jina la Bi Taratibu alipewa na majirani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mvua ikinyesha nguo zikiwa kambani, wenzake walitimua mbio. Yeye alitoka polepole, akamshukuru Mungu kwa mvua, kisha akaanua moja moja. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mtu wa sala, mwenye maneno machache na macho mengi.

Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, aliitwa Mnyapara, na jina hilo nalo halikutoka hewani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Jiko la pale lilikuwa la moshi, hata wapishi hawakuonana vizuri, kwa hiyo aliwasimamia kwa sikio. Alijua maharage yanayoanza kushika chini, mafuta yaliyopata moto, na mtu aliyeacha mwiko ili akapige soga. Hakuolewa. Ukimuuliza, alikuambia alishaolewa na sufuria, tena nyingi, na hakuna mwanamume ambaye angeweza ukewenza wa namna hiyo.

Mume wa Bi Taratibu alipofariki, watu walidhani wale wawili watatengana kila mtu ashike njia yake, maana walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu siku ya harusi. Hawakutengana. Waligombana kila siku na kula pamoja kila siku. Mpaka wa nyumba ulikuwa mlango wa jikoni. Kuanzia pale kwenda ndani ilikuwa himaya ya Mnyapara. Bi Taratibu aliingia kama mgeni, akakoroga alichoambiwa akoroge, akatoka.

Siku ya kabati, mpaka ulivukwa. Mnyapara alikuwa amejilaza baada ya chakula, na Bi Taratibu, kwa kukosa la kufanya, alifunga kitambaa kwenye mpini wa ufagio akafuta juu ya kabati refu la jikoni. Wifi alipoamka akaambiwa, akacheka kicheko cha puani. Akasema vumbi haliondolewi kwa mpini, huko ni kuliamsha tu lihame upande. Bi Taratibu akamjibu kuwa juu ni safi, aache. Kisha akatoka uani kuendelea na kufua, akiamini yameisha.

Alikuwa akimwaga maji ya povu aliposikia stuli ikiburuzwa. Akafungua kinywa amwite. Kabla hajaita, akasikia kishindo, na ndani ya kishindo hicho mlio mwingine, mdogo na mkavu, kama mtu aliyevunja kijiti cha kuwashia moto.

Siku hiyo Bi Taratibu alikimbia.

Alimkuta wifi yake chini, ameangukia ubavu, kitambaa kingine cha kufutia bado kiko mkononi. Hakuwa analia. Alikuwa akiitazama miguu yake kama mtu anayetazama vitu vya jirani. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala nje, unyayo ukielekea ukutani, tena ulionekana mfupi kuliko mwenziwe. Hayo yote Bi Taratibu aliyaona kabla hajapiga magoti. Mnyapara akanyoosha mkono ili ainuliwe, eti ameteguka tu, achuliwe kwa dawa na mambo yaishe. Bi Taratibu alikataa katakata. Akamwekea mto chini ya kichwa na mwingine kando ya paja ili mguu usiyumbe, akamfunika shuka, akapiga simu hospitali. Halafu akaokota kile kitambaa, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa cheupe vilevile kilivyotoka kambani. Akakikunja, akakitia mfukoni.

Gari la wagonjwa lilifika, lakini njia ya mtaa wao ilikuwa imezibwa kwa mapipa ili watu wasipite ovyo, na machela ya gari ilikuwa imebaki hospitali chini ya mgonjwa mwingine. Seremala wa nyumba ya pili ndiye aliyeokoa mambo. Alitoka na mlango mpya wa mteja, haujapakwa hata vanishi, akaulaza sakafuni. Yeye na dereva wa gari, nyuso zao zikiwa ndani ya barakoa, walimsogeza mgonjwa juu yake kidogo kidogo, wakambeba mpaka barabara kubwa. Njiani, pamoja na maumivu yote, Mnyapara aligonga ubao kwa kidole, akatega sikio, akamwambia seremala kuwa mbao hii haijakauka na mwenye mlango atakuja kumlilia. Seremala akamwambia kwa heshima zote, mama, ndiyo mara ya kwanza mlango wake kusemwa na mtu aliyelala juu yake.

Getini hospitali Bi Taratibu alizuiwa. Wasindikizaji hawakuruhusiwa. Muuguzi alimrudishia ndala za wifi yake, akasema mgonjwa hatazihitaji leo. Alirudi nyumbani na zile ndala mkononi, na neno "leo" akalishika njia nzima. Alilisali. Kama ni leo tu, basi iko siku atazihitaji.

Daktari wa mifupa alimpigia simu baada ya kumfanyia mgonjwa upasuaji. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni, pale unapoingia kwenye nyonga. Wameuunga kwa chuma, na kazi imekwenda vizuri. Kisha, kama mtu aliyetafuta wa kumwambia, akaeleza kuwa barabara zilipotulia alidhani wodi yake itapumua, kumbe imejaa wazee wanaotoka majumbani mwao: huyu kateleza bafuni, huyu kajikwaa kwenye zulia, yule kapanda kiti abadilishe taa. Wamekaa ndani bila jua na bila mwendo, miguu imelegea, halafu siku moja wanaamka na bidii. Akamaliza kwa kusema chuma kimefanya yake, iliyobaki ni kazi ya mwenye mguu. Asimame mapema. Asiachwe kitandani.

Kwa kuogopa kumweka mzee karibu na wenye ugonjwa, walimrudisha nyumbani upesi.

Bi Taratibu alimtandikia sebuleni, kitanda kikielekea mlango wa jikoni. Alikunja mazulia yote akayatia uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe. Zile ndala hakuzirudisha mahali pake. Hospitali walimwambia zikiteleza kidogo tu ni balaa, akatoa viatu vya wifi vya kamba, vyenye soli ya kushika, akaviweka kando ya kitanda. Na kwa kuwa fremu za kutembelea hazikupatikana popote, seremala alitengeneza moja ya mbao, ya miguu minne, akaipigilia vipande vya tairi chini ili isiteleze. Aliiacha mlangoni akarudi nyuma kama mtu aliyetega bomu, wakaongea kwa mbali.

Mnyapara akaitundikia taulo.

Kila asubuhi daktari wa mazoezi alipiga simu. Alikuwa binti ambaye hawakuwahi kumwona; kwao alikuwa sauti tu, inayotoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye glasi. Mnyapara alimwita Redio. Redio alisema bibi akunje kidole gumba cha mguu, bibi akaze paja, bibi akae ukingoni mwa kitanda, sasa bibi asimame. Vya kitandani Mnyapara alivifanya kwa kiburi, kama anayemlipa mtoto pipi anyamaze. Ikifika kusimama, alikuwa na sababu. Leo kizunguzungu. Leo mguu mzito. Leo hawezi kuamrishwa na mtoto asiyeonekana hata pua. Hospitalini walimsimamisha mara moja, akakaa papo hapo, na toka hapo hakusimama tena.

Mtoto wa Bi Taratibu, dereva wa lori, alikuwa amekwama mji mwingine kwa ajili ya katazo. Yeye kwenye simu alikuwa upande wa shangazi. Alisema shangazi kafanya kazi ya kutosha, wamwache apumzike, kwani anakimbilia wapi? Alituma salamu tamu na ushauri mtamu, na Mnyapara akayanukuu maneno hayo kutwa nzima kama sheria.

Lakini mama mtu aliona ambayo mwanawe hakuyaona. Alipomwosha wifi yake, aliona kisigino kimeanza kuwa chekundu pale kinapogusa shuka. Aliona sahani inarudi nusu, halafu zaidi ya nusu. Kisha kikaanza kikohozi, kidogo, cha majimaji. Kwa siku zile kikohozi kilimtoa mtu roho hata kama ni cha kupaliwa. Bi Taratibu alimpigia Redio. Binti akauliza maswali mengi: homa ipo, pua imeacha kunusa, pumzi inabana? Hakuna hata kimoja. Basi akashusha sauti.

"Mama, sitakuficha. Hicho si ule ugonjwa. Ni kifua cha mtu anayelala mno. Akiendelea hivi, wengi hawasimami tena. Na kifua ndicho kinachowachukua, si mfupa."

Bi Taratibu alimshukuru, akakata simu, akaenda chumbani kusali. Hakuomba muujiza. Aliomba aonyeshwe pa kushika. Akiwa bado amepiga magoti, sauti ikatoka sebuleni, kavu na yenye hasira.

"Wifi, hicho kifuniko ulichofunikia uji si cha sufuria hiyo."

Mnyapara alikuwa hajaliona jiko tangu arudi. Kutoka kitandani ungeuona mlango tu, na ndani yake ukuta mtupu. Hata hivyo kila siku alisimamia mapishi yote: punguza moto, mwiko huo wa plastiki wa nini, kitunguu kimeungua. Zile sufuria zake zilikuwa zinafanana kama mapacha, zikipishana kidogo tu, na vifuniko vyake vivyo hivyo, ila yeye alivijua vyote kwa mlio. Bi Taratibu alinyanyuka akitabasamu. Huyu masikio yake bado yanatembea, alijiambia. Iliyobaki ni miguu iyafuate.

Akafikiri, na fikra yake ya kwanza ilikuwa ya makosa. Alifunga mlango wa jikoni. Alikuwa na sababu ya kweli, maana alikuwa akipanga jiko upya ili vyombo vyote vikae usawa wa mkono na stuli isipandwe tena na mtu yeyote. Alihamisha makopo, akaburuza meza. Moyoni alihesabu kuwa wifi asiposikia vizuri, atawashwa na udadisi, na udadisi utamtoa kitandani.

Siku ya kwanza Mnyapara alipiga kelele: unahamisha nini, nani kakuruhusu, sufuria yangu kubwa iko wapi? Bi Taratibu alijibu kupitia mlango kwamba akitaka kujua, aje aone. Siku ya pili kelele zikapungua. Siku ya tatu hapakuwa na sauti. Bi Taratibu alipofungua mlango na kuleta chakula, alimkuta wifi ameugeukia ukuta. Chakula hakukigusa. Hata hakukitukana.

Hapo Bi Taratibu aliona alichofanya. Mtu alibaki na uzi mmoja wa kumshikia dunia, na yeye ndiye aliyeukata. Akauacha mlango wazi, akauwekea tofali usijifunge. Akavuta kiti, akaketi. Kukaa kimya na mtu alikuweza.

Walikaa mpaka chai ikapoa.

"Wifi," alisema Mnyapara, bado ameugeukia ukuta. "Siku ile ulikuwa uani. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

Bi Taratibu hakuwa mtu wa kudanganya, hata kwa kufariji. "Kishindo. Na mlio."

"Huo mlio." Mnyapara alivuta shuka. "Kila mtu ananiuliza inauma wapi. Redio anauliza, mwanao anauliza. Hainiumi kivile. Kule hospitali waliponisimamisha, nilitega sikio. Nikawa naungoja. Mguu wote ulikuwa kimya, na mimi naungoja. Nikishasikia kitu mimi hakitoki, wifi. Nikikanyaga chini, nitausikia tena."

Watu wote walidhani ni ukaidi, na mwenyewe ndivyo alivyotaka wadhani. Bi Taratibu hakumwambia pole, wala hakumweleza habari za chuma, maana za chuma alishaelezwa na madaktari na hazikuingia. Alimshika bega kidogo, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo, akachukua kikombe cha chai iliyopoa akaenda nacho jikoni. Alisimama pale muda mrefu, akitazama rafu mpya yenye vifuniko vilivyopangwa kama sahani.

Asubuhi yake aliinjika maharage. Alifungua dirisha la jikoni hadi mwisho. Maharage yalipochemka, akatwaa kifuniko kimoja katika vile, bila kuchagua, akafunika. Kikaanza kucheza. Akapunguza moto kiasi povu lisifike kwenye gesi, akaangalia mara mbili, akaridhika, akatoka. Aliweka kiti kimoja katikati ya safari, baina ya kitanda na jiko. Kisha akaja sebuleni, akaondoa taulo kwenye fremu, akaisogeza karibu na kitanda, akasimama hapo mikono kaikunja.

Kifuniko kilikuwa kikirukaruka kama chura kwenye bati.

"Hicho si chake," alisema Mnyapara.

"Huenda."

"Kitamwaga povu, lizime moto, gesi ijae nyumba nzima."

"Dirisha liko wazi, na moto ni mdogo. Nimeangalia."

"Basi nenda ukakibadilishe."

"Kwa kipi? Tangu niolewe hujanionyesha. Kwangu vyote ni vimoja."

"Chenye mshikio mweusi."

"Vyote vina mshikio mweusi, wifi."

Mnyapara akafumba macho. Kwake kifuniko kisicho chake kilikuwa kama jiwe kwenye wali. Angeweza kuvumilia nyonga, si hicho. Alipofumbua, alimtazama wifi yake, akaitazama fremu, akaona viatu vimeshalegezwa kamba.

"Umefanya makusudi."

"Kifuniko, kweli sikijui. Kusimama hapa ndiko nimekusudia."

"Na sala zako zote hizo."

"Hiki ndicho nilichokuwa naomba."

Kifuniko hakikuchoka. Halafu Mnyapara akatupa shuka pembeni, akashusha mguu mzima, akausaidia mgonjwa kwa mikono, akakaa ukingoni. Bi Taratibu alipiga magoti akamvika viatu, akakaza kamba. Alipoinuka aliona wifi ameshaishika fremu kwa mikono miwili.

"Usiusikilize mguu," alimwambia. "Sikiliza kifuniko."

Alisimama nusu, akaanguka kwenye godoro, akaitukana fremu, seremala na ukoo wa seremala. Akasimama tena. Safari hii akabaki juu, ametoa macho, kichwa kimeinamia upande kama kuku anayesikiliza. Bi Taratibu alikuwa nyuma yake, mkono mmoja umeshika nguo kiunoni, kama Redio alivyomfundisha. Fremu kwanza, alimkumbusha. Kisha mguu mgonjwa. Kisha mzima. Hakumharakisha, mambo ya haraka hakuwa nayo yeye tangu azaliwe.

Fremu ikasogea. Mguu ukafuata. Tairi zilikamata sakafu barabara. Fremu, mguu, mguu. Walifika usawa wa kiti, na Mnyapara akauliza kwa pumzi fupi kiti hicho cha nani. Bi Taratibu akasema cha anayechoka. Mnyapara akakipita kama aliyepishana na mdai.

Kulikuwa kumebaki kidogo mlango ufikiwe aliponyanyua fremu, akaitua mbele, akaiegemea kwa uzito wake wote, na mlio ukatoka. Mdogo. Mkavu. Kama kijiti cha kuwashia moto.

Wote wawili waliganda. Mkono wa Bi Taratibu ukamkaza wifi nguo mpaka mshono ukalalamika. Mnyapara hakupiga kelele. Aliachama, uso umekuwa wa majivu, akingoja maumivu yaje, na Bi Taratibu akingoja naye, ndani kwa ndani akilitaja jina la Mungu bila kuongeza ombi lolote, maana hakulipata.

Maumivu hayakuja.

Mnyapara alikuwa amesimama. Polepole akageuza kichwa, kulia, kushoto, akitafuta mlio ulikotoka. Halafu akaachia mkono mmoja, akagonga ubao wa fremu kwa ukucha. Akagonga tena, chini kidogo, kwenye kiungo. Uso wake ukabadilika. Rangi ilirudi, na pamoja na rangi ikarudi hasira, na Bi Taratibu hakuwahi kuifurahia hasira ya mtu kama siku ile.

"Mbao haijakauka," alisema Mnyapara. "Nilimwambia yule mtu. Nimelala juu ya mlango wake nimevunjika, nikamwambia, mbao yako haijakauka. Kaniletea ileile."

Bi Taratibu aliinama akakagua kiungo. Misumari ilikuwa imara. Ubao ulikuwa umejinyoosha tu ulipobebeshwa uzito. Akautikisa kwa nguvu zake zote, haukucheza. Akamwambia. Lakini wifi hakuwa akingoja kuambiwa, alishaondoka. Fremu, mguu, mguu, huku akimsema seremala kila hatua, mpaka akavuka mlango wa jikoni na kuegemea meza yake mwenyewe.

Hakupumzika kwanza. Alinyoosha mkono rafuni, akagonga kifuniko kimoja kwa ukucha, akakiacha. Akagonga cha pili, akaguna. Cha tatu hata hakukigonga vizuri, akakitwaa, akaondoa kile kinachoruka, akafunika. Kikakaa. Jiko likanyamaza, ikabaki sauti ya maharage yenyewe, chini kwa chini.

Ndipo akakaa, kwenye kiti ambacho Bi Taratibu alikuwa amekiweka kona ile tangu jana. Alikohoa kwa nguvu, makohozi yakatoka, akapumua kwa kina kama mtu aliyetoka kwenye maji. Kisha akaanza ukaguzi. Makopo yako chini mno. Chumvi haikai karibu na mvuke. Meza imesogezwa vizuri, hilo halina ubaya, ila asijisifu. Macho yakapanda mpaka juu ya kabati refu, ambako sasa hapakuwa na kitu kilichowekwa, yakakaa huko.

"Wifi."

"Abee."

"Kule juu. Siku ile. Kulikuwa na vumbi?"

Bi Taratibu aliingiza mkono mfukoni. Kitambaa alikuwa nacho bado, kimekunjwa. Akakiweka mezani, akakikunjua. Mnyapara alikitazama mbele na nyuma, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheupe.

"Ndiyo maana," alisema hatimaye. "Umefuta mpaka hata vumbi la kunishikilia halikubaki."

Bi Taratibu alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa ni mara ya kwanza kucheka ndani ya jiko lile, na hakufukuzwa.

Simu ikalia sebuleni. Ilikuwa saa ya Redio. Bi Taratibu aliileta jikoni, akaiegemeza kwenye sufuria. Binti akasalimia, kisha kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kukataliwa akauliza kama leo bibi anaonaje, wajaribu kusimama kidogo tu.

"Mwambie baadaye," alisema Mnyapara, akiinua kifuniko kuangalia maharage. "Nina kazi."

Kisha binti akauliza, mama, hiyo sauti inatokea wapi?

"Jikoni," alisema Bi Taratibu.

Mnyapara alikuwa ameshashika tena fremu, anajiandaa kuinuka. Chumvi ilikuwa rafu ya pili, mbali kidogo na mkono wake, na Bi Taratibu, aliyeiweka pale kwa mkono wake mwenyewe, hakumsogezea. Alihamia nyuma yake, akamshika nguo kiunoni.